Nafasi za kuonja vinywaji huisha kabla meli haijang'oa nanga

Abiria wa meli za kitalii zinazotoka Florida huhimizwa kununua viti vya kuonja mvinyo, ramu na wiski wakiwa bado nyumbani. Kampuni zinasema ni kwa ajili ya kuwarahisishia wageni. Hesabu za fedha zinaonyesha kuna zaidi ya hapo.

Asubuhi ya kwanza baada ya meli kuiacha bandari ya Miami, foleni hujipanga mbele ya meza ya huduma kwa wageni. Watu wameshika ratiba ya siku. Wameona kwamba saa nane mchana kutakuwa na kipindi cha kuonja ramu za visiwa vya Karibi: glasi ndogo nne au tano, vipande vya chokoleti, na mhudumu wa baa atakayeeleza kila moja imetoka wapi na imekaa miaka mingapi ndani ya pipa.

Wanataka viti viwili tu. Mhudumu anabonyeza kompyuta, anasoma, anaomba radhi. Viti vimekwisha. Vilikwisha wiki kadhaa nyuma, wengi wa waliomo kwenye foleni wakiwa hata masanduku hawajayashusha kutoka juu ya kabati.

Hali hii hujirudia safari baada ya safari. Abiria aliyelipa maelfu ya dola kwa chumba na chakula anakuta kwamba saa moja aliyoitamani kuliko zote iliuzwa zamani kwenye simu za wenzake. Wengi huondoka pale mezani wakijilaumu: sikusoma, sikuwahi.

Nimelifuatilia suala hili kwa sababu linawagusa watu wawili wanaokutana kwa muda mfupi sana, anayeonja na anayemimina. Anayeonja haonyeshwi bei kamili tangu mwanzo. Anayemimina hatajwi popote kwenye bei hiyo. Katikati yao kuna biashara kubwa inayostahili kuangaliwa kwa makini.

Kiti kinavyouzwa

Utaratibu uko hivi. Mtu akishalipia safari, kampuni humfungulia ukurasa wake kwenye tovuti au programu ya simu. Humo huuzwa karibu kila kitu kisichomo kwenye nauli: matembezi ya nchi kavu, migahawa maalumu, intaneti, masaji, vifurushi vya vinywaji na vipindi vya kuonja. Royal Caribbean inauita ukurasa wake Cruise Planner. Bei za humo hupanda na kushuka. Abiria mzoefu hununua mapema, kisha huendelea kuchungulia. Akiona bei imeshuka, hufuta na kununua upya.

Vipindi vyenyewe ni vya aina nyingi. Kuna mvinyo wa nchi mbalimbali, wiski za Uskoti, martini, bia, na tekila kwenye meli zinazokwenda Cozumel, Mexico. Celebrity Cruises imeendesha kipindi cha kuonja mvinyo uleule ndani ya glasi za maumbo tofauti za kampuni ya Riedel ya Austria, ili mgeni asikie mwenyewe namna glasi inavyobadili harufu. Holland America ilipozindua meli ya Koningsdam mwaka 2016, ilifungua chumba kiitwacho BLEND, ambamo abiria walichanganya mvinyo wao wenyewe wakiongozwa kwa utaalamu wa Chateau Ste. Michelle, mzalishaji wa jimbo la Washington.

Viti huwa vichache, na sababu yake inaeleweka. Watu ishirini wakionjeshwa vinywaji vitano kila mmoja, hizo ni glasi mia moja za kupanga, kujaza kwa kipimo, kukusanya na kuosha kabla baa haijafunguliwa kwa wateja wa jioni. Mweleza mvinyo naye hawezi kujibu maswali ya ukumbi mzima. Sasa chukua meza hiyo uiweke ndani ya Icon of the Seas, iliyoanza kazi Januari 2024. Meli hiyo hubeba abiria 5,610 wakilala wawili wawili chumbani, na inaweza kufika 7,600.

Siku zinazofaa nazo hazitoshi. Vipindi vingi hupangwa siku ambazo meli haitii nanga popote, maana ndipo wageni wote wamo ndani. Safari ya siku saba ya Karibi huwa na siku mbili au tatu za namna hiyo.

Kisha kuna waliotangulia kwa haki ya uzoefu. Princess Cruises huwapa kipindi cha kuonja mvinyo bila malipo wanachama wake wa daraja la Elite, ambalo mtu hulifikia baada ya safari 16 au baada ya kulala baharini zaidi ya siku 150. Mgeni wa mara ya kwanza, ambaye ndiye mwenye hamu na asiyejua taratibu, yuko nyuma ya watu wengi asiowaona.

Jambo linalowaudhi wengi zaidi ni kifurushi. Mtu amenunua kifurushi cha vinywaji cha safari nzima, akaamini amemaliza. Akifika kwenye kipindi cha kuonja anaambiwa alipe tena, kwa kuwa kifurushi hulipia kinywaji cha kwenye kaunta na mara nyingi hakigusi vipindi vya kuonja. Maelezo hayo yapo, yameandikwa, lakini yamo chini kabisa kwenye masharti ambayo simu huyaonyesha kwa herufi ndogo.

> Dola 30 za kwenye tangazo hugeuka dola 35.40 unapofika kwenye hatua ya kulipa.

Tofauti hiyo ni ada ya huduma. Royal Caribbean huongeza asilimia 18 kwenye vinywaji. Norwegian Cruise Line huongeza asilimia 20. Kwa kipindi kinachotangazwa kwa dola 30, mume na mke watalipa dola 70.80 kwa kiwango cha kwanza na 72 kwa cha pili. Hakuna aliyevunja sheria hapo. Lakini mtu aliyepanga bajeti kwa kutazama dola 60 amepangiwa hesabu nyingine, na amejua akiwa ameshatoa kadi.

Theluthi moja ya mapato

Ili kuelewa kwa nini meza ndogo hivyo inauzwa kwa bidii kubwa hivyo, lazima tutazame vitabu vya kampuni.

Carnival Corporation & plc ndiyo kampuni kubwa kuliko zote katika biashara hii. Mwaka wa fedha wa 2024 mapato yake yalikuwa takriban dola bilioni 25. Tiketi zilileta kama bilioni 16.5. Bilioni 8.5 zilizobaki ziliingia kutokana na mauzo ya ndani ya meli na mengineyo: vinywaji, kasino, maduka, matembezi. Kwa maneno mengine, katika kila dola tatu zilizoingia, moja ilitoka kwa mtu ambaye alikwisha kulipa nauli.

Kipindi cha kuonja kina fungu dogo ndani ya bilioni hizo, lakini kina kazi ya pekee. Ni mahali ambapo mgeni hufundishwa kutamani chupa. Ameketi, amesimuliwa, ameonja tone la ramu ya miaka kumi na miwili, na duka liko sitaha moja chini. Chupa akinunua hatapewa papo hapo. Kwa kawaida meli huitunza mpaka mwisho wa safari, ili asiache kununua kinywaji cha baa.

Fedha ya mapema ina utamu wake kwa kampuni. Mwishoni mwa Novemba 2024 Carnival ilikuwa imeshika takriban dola bilioni 6.8 za amana za wateja, yaani malipo ya watu ambao safari zao zilikuwa bado. Viongozi wa Royal Caribbean nao wamewaeleza wawekezaji zaidi ya mara moja kwamba wageni wanaonunua vitu kabla ya safari huishia kutumia fedha nyingi zaidi kwa jumla. Sababu ni ya kibinadamu. Aliyelipa Februari, akisafiri Juni, hupanda ngazi ya meli akijiona hajatumia kitu.

Machi 2020 upande wa pili wa utaratibu huo ulionekana. Tarehe 14 mwezi huo mamlaka ya kudhibiti magonjwa ya Marekani ilizizuia meli kusafiri kwa sababu ya korona. Watu waliokuwa wamelipa nauli, matembezi na vinywaji walisubiri marejesho kwa wiki na wengine kwa miezi.

Pombe na bendera ya Panama

Mwandishi anayefuatilia glasi ya ramu melini hawezi kukwepa historia, kwa sababu vitu hivi viwili vimefungamana muda mrefu kuliko tunavyodhani.

Jeshi la wanamaji la Uingereza liliwagawia mabaharia wake ramu kila siku kwa karne mbili na zaidi. Mwaka 1740 Admirali Edward Vernon aliamuru nusu painti ya kila baharia ichanganywe na maji, maana ulevi ulikuwa unaharibu kazi. Mgao huo ulifutwa rasmi tarehe 31 Julai 1970, siku ambayo hata leo wapenzi wa ramu huiadhimisha.

Lakini sura muhimu zaidi kwa meli za kitalii iliandikwa Marekani. Januari 1920 nchi hiyo ilipiga marufuku utengenezaji na uuzaji wa pombe. Meli za Marekani zilizokuwa zikishindana na za Uingereza, Ujerumani na Ufaransa katika kuvusha abiria Atlantiki zikajikuta pabaya, kwa kuwa msafiri mwenye fedha alichagua meli atakayonywea. Oktoba 1922 Mwanasheria Mkuu Harry Daugherty alitoa tafsiri kali zaidi: meli yenye bendera ya Marekani ni ardhi ya Marekani popote ilipo, hivyo pombe isiuzwe ndani yake hata katikati ya bahari.

Kampuni ya United American Lines, iliyokuwa ya tajiri W. Averell Harriman, haikungoja. Mwishoni mwa mwaka huohuo ilizihamisha meli zake mbili za abiria, Reliance na Resolute, kutoka bendera ya Marekani kwenda bendera ya Panama. Baa zikafunguliwa tena.

Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Cunard dhidi ya Waziri wa Fedha Andrew Mellon, ilipindua sehemu ya tafsiri ile. Ilisema marufuku haizifuati meli za Marekani nje ya maji ya nchi yao. Wakati huohuo ilisema inazihusu meli za kigeni zinapoingia ndani ya maji hayo. Ndipo zikashamiri safari fupi kutoka New York ambazo hazikuwa na kituo: meli ilitoka, ikavuka mpaka wa maji ya Marekani, watu wakanywa, ikageuza.

Marufuku ilifutwa tarehe 5 Desemba 1933. Bendera zikabaki. Wamiliki walikwisha kugundua kwamba pamoja na uhuru wa kuuza pombe, usajili wa nchi nyingine ulileta kodi nafuu na sheria nyepesi za ajira. Reliance na Resolute hazikuwa meli za kwanza kabisa kusajiliwa Panama, ila zilikuwa miongoni mwa zilizoonyesha njia.

> Glasi ilihamisha bendera, na bendera ikahamisha sheria inayomlinda anayemimina.

Carnival Corporation ilisajiliwa kisheria Panama kwa miaka mingi, Royal Caribbean imesajiliwa Liberia, na kampuni mama ya Norwegian imesajiliwa Bermuda. Makao yao makuu yote yako Miami. Meli zao nyingi hupeperusha bendera za Bahama au Panama, ikiwemo Icon of the Seas ambayo ni ya Bahama. Pride of America, inayozunguka visiwa vya Hawaii tangu 2005, ni miongoni mwa chache sana zenye bendera ya Marekani, na kwa sababu hiyo wafanyakazi wake wengi lazima wawe Wamarekani.

Mtu wa nyuma ya kaunta

Kwenye meli nyingine nyingi, anayesimama nyuma ya glasi tano ametoka mbali. Wafilipino, Wahindi na Waindonesia ndio wengi. Katika miaka ya karibuni Wakenya nao wameingia.

Mwaka 2018 Serikali ya Kenya ilianza kulifufua Shirika la Taifa la Meli kwa ushirikiano na kampuni ya MSC, na mojawapo ya ahadi zake ilikuwa ajira za vijana kwenye meli za kitalii za kampuni hiyo. Mombasa ina chuo chake cha mabaharia, Bandari Maritime Academy. Dar es Salaam nayo ina chuo chake cha mabaharia, DMI. Mitaa ya Likoni na Kisauni inazo nyumba ambazo fedha za karo na za mabati hutoka kwa mtoto aliyeko baharini, akipanga glasi kwa ajili ya watu ambao hawatajua jina la mtaa wake.

Kijana huyo analindwa kwanza na Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, ulioanza kutumika Agosti 2013. Kenya iliuridhia mwaka 2014 na Tanzania mwaka 2019. Mkataba unaruhusu kupima saa za kazi kwa njia mbili. Kwa njia moja, kazi isizidi saa 14 kwa siku na saa 72 kwa juma. Kwa nyingine, mapumziko yasipungue saa 10 kwa siku na 77 kwa juma. Msomaji akizitazama namba hizo ataona kwamba hata pale sheria inapofuatwa barabara, juma la saa 70 ni halali.

Kima cha chini kilichopendekezwa kupitia Shirika la Kazi Duniani kwa baharia mwenye ujuzi kilikuwa dola 673 kwa mwezi kuanzia Januari 2025. Hicho ni cha mabaharia wa sitaha, na kampuni huvitazama viwango vya baa kwa namna yake. Wa baa hutegemea sana ada ya huduma, ile ile asilimia 18 au 20.

Hapa ndipo ninapoona kasoro kubwa kuliko zote. Risiti inaonyesha asilimia. Haionyeshi mgao. Abiria anayeongeza dola 5.40 juu ya kipindi cha ramu anaamini zinakwenda kwa binti aliyemweleza kwa dakika hamsini tofauti ya pipa jipya na pipa lililokaa bourbon. Pengine zinakwenda kwake, pengine zimegawanywa kwa idara nzima, pengine zinajazia mshahara ambao kampuni ingeulipa hata hivyo. Kampuni inajua. Kuandika mstari mmoja wa maelezo hakuna gharama.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi wa pwani wanapaswa kulishika. Mkataba wa 2006 unakataza wakala kumtoza baharia ada ya kumtafutia kazi. Gharama zinazoruhusiwa kumwangukia ni chache, kama cheti cha afya kinachotakiwa kisheria, kitabu cha ubaharia na pasipoti. Anayekudai malaki ya shilingi ili "akuunganishe na meli" anavunja mkataba huo, na mara nyingi hana meli yoyote.

Na kwa familia za Kiislamu za Mji Mkongwe au Mombasa, swali la kumimina pombe si dogo. Meli ina jikoni, ufuaji, vyumba, mapokezi na jukwaa. Kijana mwenye dhamira hiyo aiseme wakati wa usaili, kabla ya kutia saini, kwa sababu baada ya hapo ni vigumu kuhamishwa idara katikati ya mkataba.

Wanaotetea kununua mapema

Upande huu una hoja za kweli na nimezisikiliza.

Meli hupakia shehena yake kwenye bandari ya nyumbani. Chupa ya wiski ikipungua siku ya nne hakuna wa kutumwa dukani. Meneja wa baa akijua wiki mbili mapema kwamba watu kumi na wanane watakuja, atapakia chupa zinazotosha na kumpanga mfanyakazi mmoja badala ya wawili. Kipindi kisicho na watu hufutwa, na wachache waliokingojea hukikosa.

Wapo pia abiria ambao bila kuhifadhi mapema wasingepata kitu. Mtu wa kiti cha magurudumu anahitaji kujua ukumbi una nafasi. Wazazi wenye watoto lazima waoanishe saa ya kuonja na saa za klabu ya watoto. Mstaafu anayeishi kwa pensheni anapenda kulipa kidogo kidogo kabla, ili hesabu ya chumba siku ya mwisho isimshtue. Kwa hao wote ukurasa ule ni msaada mkubwa.

Kwa hiyo sidai mauzo ya mapema yafutwe. Ninachokataa ni kuuza viti vyote hadi cha mwisho kabla mgeni hajaiona meli. Meneja anayepanga watu kumi na wanane anaweza kuuza viti kumi na vinne mapema na kuviacha vinne kwa watakaoamua wakiwa ndani. Chupa ni zile zile, mfanyakazi ni yule yule.

Zipo pia sauti za afya. Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema hakuna kiwango cha pombe kisicho na madhara kwa afya. Mahakama nazo zimegusa suala hili. Mwaka 2004 mahakama ya rufaa ya Florida, katika kesi ya Hall dhidi ya Royal Caribbean, ilikubali kwamba abiria aliyelewa kupita kiasi na kuumia anaweza kuishtaki kampuni iliyoendelea kumhudumia. Mpango wa vinywaji wa Carnival una kikomo cha vinywaji 15 vya kileo kwa saa 24, na wanaopanda Marekani lazima wawe na miaka 21. Kumi na tano bado ni nyingi mno. Kipindi cha kuonja kikiendeshwa vizuri, kwa vipimo vidogo, maji mezani na chombo cha kutemea, ni njia ya kiasi zaidi ya kunywa kuliko kaunta ya kando ya bwawa. Hilo pekee lingetosha kukifanya kiwe rahisi kupatikana.

Ramu ina historia yake

Bei yoyote ile, swali la msingi ni kama mtu anaondoka akiwa amejifunza kitu. Mweleza tekila mzuri atakwambia kwamba kwa sheria ya Mexico kinywaji hicho hutoka Jalisco na sehemu za majimbo mengine manne tu, kwa mmea wa agave ya buluu, na kwamba reposado lazima ikae ndani ya mti angalau miezi miwili na añejo angalau mwaka. Wa wiski atakwambia ya Uskoti haiwezi kuitwa hivyo kabla ya miaka mitatu ndani ya pipa la mwaloni. Maarifa hayo yanadumu.

Kwenye ramu nataka zaidi. Barbados inajivunia Mount Gay, yenye hati ya mwaka 1703. Miwa iliyozaa ramu hiyo ilikatwa na Waafrika waliotekwa na kuuzwa, na wengi walikufa mashambani kabla ya uzee. Watengenezaji wa Newport, Rhode Island, walichemsha molasi ya visiwa hivyo, wakapakia ramu melini, wakaivusha hadi Afrika Magharibi kununulia watu wengine. Pipa la ramu lilikuwa fedha, na mtu alikuwa bidhaa.

Kipindi kinachotaja vanila, karameli na nazi, kikaruka hayo, kimeuza nusu ya kinywaji. Mwafrika anapolipia kiti pale, au anaposimama pale akimimina, historia hiyo imo ndani ya glasi hata isipotajwa. Waandaaji waiweke kwenye maelezo wanayompa mhudumu. Dakika tatu zinatosha, na wageni wengi wangezikumbuka kuliko kitu kingine chochote cha safari.

Bei moja, iliyo wazi

Kwamba kampuni zinaweza kubadilika si ndoto. Tarehe 1 Julai 2024 jimbo la California lilianza kutumia sheria inayotaka bei inayotangazwa iwe na ada zote za lazima ndani yake. Kampuni kubwa za meli za kitalii zikaanza kutangaza nauli pamoja na kodi na ada za bandari, tena kwa Marekani nzima. Jambo ambalo halikufanyika kwa miaka likafanyika. Nchini Uingereza, P&O Cruises ilikwenda mbali zaidi: Mei 2019 iliondoa ada ya huduma ya kila siku, bei ikawa bei.

Sheria ya California haijaifikia ipasavyo ile asilimia ya huduma kwenye kipindi cha kuonja. Nadhani ifike huko. Kipindi cha dola 35.40 kiandikwe dola 35.40 tangu picha ya kwanza, na chini yake mstari mmoja useme sehemu ya mhudumu ni kiasi gani.

> Mtu aliyeambiwa bei yote anaweza kukataa bila hasira, na anaweza kukubali bila majuto.

Kwa msomaji mwenye safari mbele yake, au mwenye ndugu ughaibuni anayemwalika, yapo machache ya kufanya sasa. Asome kama kifurushi chake kinagusa vipindi vya kuonja. Atafute tarehe ya mwisho ya kufuta bila kukatwa, ambayo kwa ununuzi mwingi huwa siku chache kabla ya kuondoka, aiandike kwenye kalenda. Na akikuta viti vimekwisha, asiiamini simu moja kwa moja. Watu hufuta, hubadili mipango, huumwa na mawimbi. Jioni ya kwanza aende kwenye baa yenyewe ambako kipindi kitafanyika, amsalimu mhudumu, aulize kama kuna orodha ya wanaosubiri, aache namba ya chumba. Kisha siku ya kipindi afike robo saa kabla, kwa sababu kiti cha asiyetokea hupewa aliyesimama mlangoni.